Leseni ya Bwana Anza Upya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, wajumbe wa Kamati ya Maadili, wakuu wa hospitali mliofika, wazazi, na ninyi wanangu mnaopokea leo leseni za tiba kwa vitendo: habari za asubuhi! Mbona mnaitikia kivivu hivyo? Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, sianzi somo na darasa lililolala. Habari za asubuhi! Haya, sasa tunaelewana.

Nimeombwa niseme juu ya maadili na makosa ya kitaaluma. Ningeombwa mwaka juzi, mngeambulia patupu. Kiharusi kilikuwa kimeninyang'anya mkono wa kulia, na ulimi huu uliozoea kunyamazisha madarasa ukawa mzito, nikitaka maji natoa mlio ambao hata mimi mwenyewe siuelewi.

Hospitali ikanipa mtaalamu mmoja wa tiba hii yenu, mrefu, mpole, anayekuja nyumbani kunifundisha upya kuvaa, kula na kuchana nywele. Nikihangaika na kifungo cha sweta hadi jasho linanitoka, yeye amekaa tu, mikono mapajani. Kifungo kikiingia tundu lisilo lake, anatabasamu: "Anza upya, Mwalimu." Moyoni nikambandika jina, Bwana Anza Upya. Nilimchukia, Mungu anisamehe!

Aliyekuwa akiniuguza ni mdogo wangu wa kike, huyu aliyekaa safu ya mbele. Ana huruma ya kupindukia. Asubuhi moja alinivalisha sweta, akanifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaenda jikoni kuchemsha chai. Bwana Anza Upya akafika, akakuta kazi yangu imeshafanywa na mtu mwingine. Akaniomba ruhusa avifungue ili nivifunge mwenyewe. Nikaitikia kwa kichwa. Ameanza kufungua, mdogo wangu huyo mlangoni na birika.

Jamani, hebu jiwekeni mahali pake. Dada yako mgonjwa, hana kauli, na mwanamume amemwinamia anamfungua vifungo. Ungefanya nini? Birika lilikwenda chini, majirani wakajaa, na siku hiyohiyo malalamiko yakafika kwenye Baraza. Leseni ikasimamishwa. Na nasema mbele yenu, mdogo wangu alifanya sawasawa kabisa, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kusema anahitaji mtu wa kumpigia kelele.

Lakini ukweli niliujua mimi, na ulikuwa umenikwama kooni. Mtu aliyekuwa akinirudishia mkono wangu anapoteza kazi yake, tena kwa aibu, na shahidi pekee ni bubu! Nililia kwa hasira. Kisha nikaanza kujifunza maneno mawili, kutwa kucha, mbele ya kioo: "Aliniomba. Nilikubali." Siku yalipotoka vizuri, mdogo wangu akaniangalia kwa wasiwasi.

"Dada, nani kakufundisha kusema hivyo?"

Mnaona mtihani huo? Hata niliposema, sikuaminika.

Tukaenda mbele ya Kamati. Mwenyekiti, ulikuwepo, nisahihishe nikikosea. Uliniuliza polepole kama niliguswa bila ridhaa yangu. Nikajibu, "Aliniomba. Nilikubali." Mjumbe mmoja akauliza, kwa haki yake, mtajuaje kama naelewa ninachosema au nimekaririshwa. Loo, nilipandwa na hasira! Nikamgeukia mdogo wangu, na yakatoka ambayo sikuyafanyia mazoezi popote: "Na wewe... acha... kunivalisha!"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Mdogo wangu alicheka huku analia, akasema, "Huyo ndiye dada yangu. Hakuna anayeweza kumtuma huyo."

Leseni ikarudi! Ilirudi na onyo, maana kwa nini hakumwita mdogo wangu kutoka jikoni, akamweleza anachotaka kufanya, kisha ndipo aguse? Bwana Anza Upya hakubishana. Alisimama akasema, "Nilikosea hapo, naomba radhi," akamwendea mdogo wangu akampa mkono. Wanangu, mkipewa onyo mnalolistahili, lipokeeni hivyo. Ombeni ridhaa ya mgonjwa, hata kama jibu lake ni kichwa tu, na walio naye nyumbani waelezwe kabla, maana wao ndio macho yake na sauti yake.

Sasa nimalizie. Miezi michache iliyopita mdogo wangu aliteleza bafuni akavunjika kiwiko. Mfupa ukaunga, lakini mkono ukagoma kunyooka. Hospitalini wakamuuliza kama angependa ahudumiwe na mwanamke, wako wengi na ni hodari. Akanitazama mimi, akatazama dari, akasema: "Niitieni yule yule."

Nimemaliza, wanangu. Asanteni kwa kunipa masikio yenu, nami nawapa hongera zangu zote.