Beldina Awuor, Kamera Yake na Wivu wa Nyumba Moja

Wasikilizaji wapendwa, tegeni sikio kidogo. Nasogeza kitu karibu na maikrofoni. Mmesikia? Pengine hamkusikia, na ndivyo inavyotakiwa. Hiyo ni kamera ikipiga picha. Sauti yake ni ndogo kama ya mtu anayefunga kifungo cha shati.

Kamera hii ilikuwa ya marehemu Mama Beldina Awuor, fundi wa kamera wa Kondele, aliyezikwa Jumamosi iliyopita kule Nyakach. Nimeiazima kwa mumewe, Mzee Zadock Obiero. Ameketi hapo nje, ananitazama kwa kioo cha studio. Ameniambia niishike kidogo tu, halafu niiweke mezani. Mimi Wanyonyi, mtangazaji wenu, nimehoji watu wa kila aina, lakini sijawahi kuonewa wivu nikiwa kazini. Leo nimeonewa.

Na mimi pia nina wangu, nisiwafiche. Nusu ya Kisumu hii ina picha ya harusi iliyopigwa na Mama Beldina. Yangu ilipigwa na bwana mmoja ambaye simtaji, na shemeji yangu hana kichwa. Kila nikiingia nyumba ya mtu nikaona ile picha safi ukutani, chai hainishuki vizuri.

Basi kumbukumbu ya leo ni ya Beldina Awuor, fundi wa kamera wa Kondele. Na ni kumbukumbu ya wivu, maana wivu ndio uliomfanya fundi.

Beldina alizaliwa Seme, karibu na soko la Kombewa. Aliolewa na Zadock Obiero mwaka 1979, wakapanga chumba Manyatta. Obiero alikuwa na studio ya picha pale Kondele, chumba kimoja chenye pazia la maua na kiti cha wateja. Wateja wake wengi walikuwa wasichana. Na Obiero alikuwa na tabia moja. Kabla ya kupiga picha, alikuwa akimwinua mteja kidevu kwa kidole, taratibu, mpaka uso ukae sawa kwenye taa.

Beldina alipelekewa habari za kile kidole. Dada yake, Aoko, anakumbuka vizuri. "Siku hiyo alivaa viatu bila kuniaga," ananiambia Aoko. "Akaenda Kondele, akakaa kwa benchi ya studio. Kesho yake akaenda tena. Nikamuuliza, 'Kwani unafanya nini huko?' Akasema, 'Nalinda kidevu cha watu.'"

Alikaa pale miezi, akilinda. Lakini macho hayawezi kulinda kidevu kutwa nzima. Chini ya benchi kulikuwa na sanduku la vitu vilivyokufa, na ndani yake kamera ndogo ya mtumba ambayo Obiero aliipata kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama. Haikufanya kazi. Beldina akaitoa, akaazima bisibisi kwa fundi wa saa wa jirani, akaanza kuifungua.

Niwaeleze kamera hii ikoje, kwa sababu mbele yatakuja mambo. Kamera kubwa za studio, unatazama kupitia lenzi yenyewe. Hii hapana. Hii unatazama kwa kidirisha kilicho pembeni, juu ya lenzi. Ndani ya kidirisha unaona sura ya mtu mara mbili, moja imepanda juu ya nyingine. Unazungusha lenzi mpaka sura mbili ziwe moja. Zikishakuwa moja, unapiga. Nasema tena, jicho lako liko kwenye kidirisha, halimo kwenye lenzi.

Ya Beldina ilikuwa na magonjwa yote. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeotesha ukungu ndani ya lenzi. Akausafisha kwa pamba na dawa ya vidonda kutoka duka la dawa. Vile vipande vya chuma vinavyofunguka kupitisha mwanga vilikuwa vimegandana kwa mafuta ya zamani. Akaviosha kwa mafuta ya laita, tone kwa tone. Sponji ya mlango wa nyuma wa kamera ilikuwa imeoza inapitisha mwanga. Akaitoa, akaweka uzi mweusi wa sweta. Betri yake haikupatikana mjini, akatia betri ya saa na kipete cha waya ili ikae. Na zile sura mbili zilipokuwa hazionekani vizuri, akabandika kwenye kidirisha kipande cha karatasi ya peremende ya kijani. Sura moja ikawa na rangi, nyingine haina. Hata mwenye macho mabovu angejua zimekutana.

Akaanza kupiga picha nayo. Hapo ndipo wivu ulipohama benchi.

Maana wateja walianza kuja Kondele na kuuliza, "Mama yuko?" Wachungaji walimtaka kwa sababu kamera yake haikupiga kelele wakati wa maombi. Watoto hawakuogopa. Obiero alikuwa amesimama pale pale, na kamera yake kubwa shingoni, na watu wanampita wanaenda kwa bibi yake.

"Nilisikia vibaya," Mzee Obiero ameniambia, wala hakuinamisha uso. "Nilikuwa nachungulia picha zake kwa maji, kule chumba cha giza tunakosafishia picha, nikitafuta kosa. Nikikosa, chakula cha jioni hakiingii. Nikasema, siri iko kwa hiyo kamera. Nikiishika mimi, tutaona."

Mwaka 1986 kukawa na harusi kubwa Kombewa, nyumbani kwao Beldina. Waliitwa wote wawili. Asubuhi Obiero akaichukua ile kamera ndogo, akaitia shingoni mwake bila kuuliza. Beldina akabeba mkoba.

Nje ya kanisa walikuwa wasimamizi wa bibi harusi, wasichana wenye magauni ya rangi ya waridi. Obiero akaanza kuwapanga. Kidevu hiki, kidevu kile. Wanacheka. Anapiga, anazungusha filamu, anapiga tena. Na Beldina, aliyekuwa amesimama kando, akaona kitu. Kifuniko cha lenzi hakijatolewa.

Wasikilizaji wapendwa, mmekumbuka kidirisha? Kwa kamera kubwa, ukisahau kifuniko unaona giza, unajua. Kwa hii unaona kila kitu, wasichana wote wanang'aa, na filamu haioni chochote. Obiero hakuwa ameizoea.

Beldina aliona. Akamwacha awapige wale wasichana mpaka watosheke, mbele na ubavu.

Ndipo bibi harusi akafika mlangoni. Beldina akamsogelea mumewe kama mke anayempangusa bwana vumbi kwenye koti. Akapitisha mkono, kifuniko kikatoka, kikaingia mfukoni mwake. Hakuna aliyejua.

Obiero alijua Jumatatu, aliposafisha filamu. Mwanzo wake ulikuwa mtupu, hauna mtu. Kisha ghafla, mlango wa kanisa na bibi harusi, safi kabisa.

"Nyar Seme, uliona?" akamuuliza, yaani binti wa Seme.

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu wasichana wako."

Kesho yake Obiero akaibeba kamera mpaka mjini, akamuuzia Bwana Bildad Ndung'u, mwenye studio karibu na soko kubwa. Hakumwambia Beldina. Beldina alifika Kondele, akatafuta kwenye meza, akatafuta kwenye sanduku, akaelewa. Kamera aliyoifufua kwa mikono yake, iliyompa wateja na heshima, imekwenda. Akarudi Manyatta. Aoko anasema hakulia, ila aliacha kwenda studio. "Alisema hata videvu avichukue vyote," anasema Aoko. "Ndiyo nikaogopa. Mwanamke akiacha wivu, amefunga mizigo."

Ndoa ilikuwa inakwisha, wapenzi wasikilizaji. Ilikuwa inakwisha kimya kimya.

Baadaye Bwana Ndung'u akaiangusha ile kamera. Zile sura mbili zikakataa kukutana. Akauliza mafundi wote mjini, wote wakamtuma kwa mtu mmoja. Akaja Manyatta, mchana, na mkoba. Akaja tena. Majirani nao si watu wa kunyimana habari. Wakamwambia Obiero, "Kuna bwana wa mjini anakuja kwako ukiwa kazini."

Obiero akafunga studio. Akafika nyumbani anatweta. Mlango ulikuwa wazi. Beldina ameinama mezani, kamera imefunguliwa kifua, anazungusha skrubu ndogo kama chembe ya wimbi. Na Bildad Ndung'u ameketi kwenye kigoda, anamshikia tochi.

Hakukuwa na kingine. Tochi tu. Lakini Mzee Obiero anasema ndiyo iliyomuumiza. "Ningewakuta wanakunywa chai, ningepigana. Lakini tochi. Miaka hiyo yote akitengeneza, mimi sikuwahi kumshikia tochi hata siku moja. Na sasa kuna mtu anamshikia, tena vizuri."

Pale mlangoni Obiero akasema, "Bwana Ndung'u, nipe."

Ndung'u akauliza, "Nikupe nini?"

Beldina, bila kuinua kichwa, akasema, "Atakayeshika, ashike asitingishe. Hii skrubu ikianguka hamtaipata nyinyi wawili."

Obiero akaichukua tochi mkononi mwa mwenziwe. Akashika. Akashika mpaka sura mbili zikakutana, na mkono ukamfa ganzi.

Bwana Ndung'u mwenyewe, ambaye yuko hai na ana afya njema, anacheka akisimulia. "Nilijua nimefutwa kazi ya tochi. Nikamwambia Obiero, basi nipe ile kubwa yako, chukua hii." Wakabadilishana. Obiero akaitoa kamera yake ya thamani, akabaki na ya mkewe.

Wiki hiyo aliweka meza ndani ya studio ya Kondele, ikitazamana na kiti cha wateja. "Kama wanaume watamletea kamera," alisema, "walete nikiona." Na Beldina akakubali, kwa sababu pale mezani videvu vyote vilionekana. Wakakaa hivyo zaidi ya miaka kumi, kila mmoja akimlinda mwenzake. Binti yao Amolo ananiambia, "Sisi tulikulia kwa ugomvi wa kicheko. Baba anauliza yule wa kamera alicheka nini. Mama anauliza yule wa gauni alicheka nini." Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Hawa wawili, nawaambia, walinenepa.

Mwezi uliopita Beldina Awuor, fundi wa kamera wa Kondele, aliugua kwa siku chache, akatuacha.

Nilikuwepo Nyakach kwenye mazishi. Watu walikuwa wengi. Kila mmoja alisimama na lake, huyu alipigwa picha, yule alitengenezewa kamera. Mzee Obiero alikaa kando ya jeneza, akawasikiliza akiwa amekaza uso. Kisha mchungaji akasimama, akasema lile neno tunalolisema sote. "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi."

Mzee Obiero akainuka. Akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mchungaji, mengine yote nimeyakubali," akasema. "Hilo la zaidi, hapana."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji akafunga Biblia. "Sawa, Mzee," akasema. "Nimelitoa."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa studio, natoa rambirambi kwa Mzee Zadock Obiero, kwa binti yake Amolo, kwa Aoko na jamaa wote wa Seme na Nyakach. Na nawaachia jambo la kufikiria jioni ya leo. Tunapomwendea mfiwa tunabeba maneno mepesi, tunampimia mapenzi yake, tunamwambia kuna aliyempita. Sisi hatujui. Mkienda Kondele kumwona Mzee Obiero, msimwambie nani alimpenda Beldina zaidi. Mpeni mkono, mseme pole, mkae naye.