Kapitolina Zhiltsova, Mkufunzi wa Maputo ya Daraja la Saratov

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi mliovuka mto asubuhi hii na baridi yote hii, familia imenituma mimi, mtoto wa mdogo wake, niwasomee maisha ya mama yetu mkubwa, Kapitolina Yegorovna Zhiltsova, ambaye angekuwa hai angeniambia nisome upesi, watu wamesimama kwenye theluji.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1919 mjini Volsk, akasoma huko hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1934, kisha akaja hapa Saratov kufuma nguo kiwandani, na tarehe 6 Agosti 1938 akafunga ndoa na Arkadi Zhiltsov, fundi wa reli, wakajaliwa mtoto mmoja, Rimma, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1939. Arkadi aliuawa vitani Oktoba 1941.

Aprili 1942 aliitwa jeshini, katika kikosi cha wanawake cha ulinzi wa anga, kilicholinda daraja la reli la hapa kwa maputo makubwa ya gesi yaliyofungwa kwa waya, ili ndege za adui zisishuke chini kulilenga, na Rimma akachukuliwa na mama mkwe, Feodora, ng'ambo ya mto huu wa Volga, mahali ambapo ukisimama kwenye kituo cha kikosi unaona moshi wa majiko yao. Kazi aliijua haraka, na hilo ndilo lililomponza, maana alifanywa mkufunzi. Mifuko mikubwa ya gesi ya kujazia maputo, ambayo nayo huelea hewani, ilisafirishwa kwa miguu, wasichana wameshika kamba pande zote, na upepo ukizidi lazima waachie wote kwa pamoja, la sivyo atakayebaki atanyakuliwa, kwa hiyo aliwakaririsha kutwa nzima, "Usiachie mpaka niseme mimi."

Kila alipoomba ruhusa ya kwenda kumwona mwanawe, kamanda alimjibu, "Zhiltsova, wapya wameletwa jana tu, ukiondoka nani atawafundisha?" na hao wakishaiva walihamishiwa kwingine, wakaletwa wengine wasiojua kitu. Mto ulipoganda watu walivuka kwa miguu na mizigo yao, na yeye akawatazama tu, amebanwa pale kama mfungwa, roho inamuuma.

Mei 1943 alipewa ruhusa ya siku moja. Alikuwa ameshaingia kwenye kivuko, ameshika mkate na sukari ya mtoto, upepo ukavuma ghafla, akaruka nje na kukimbia kurudi, akawakuta wasichana bado wameng'ang'ania kamba za mfuko wa gesi, wanasubiri sauti yake, hali miguu ya wawili imeshaacha ardhi. Mmoja, Tasia, alibebwa, akaanguka, akafa, na mwingine, Nonna, Kapitolina alimwahi miguuni akamvuta, akamng'ata mkono mpaka akaachia. Tangu siku hiyo hakuomba ruhusa tena, wala hakumweleza mtu kwa nini.

Aliachiliwa Agosti 1945, akavuka siku hiyohiyo, na Rimma akajificha nyuma ya Feodora, akamwuliza bibi yake huyo, "Mama, huyu mwanajeshi anataka nini kwetu?" Hakuwa na moyo wa kumng'oa mtoto pale. Alirudi kiwandani hadi alipostaafu mwaka 1974, hakuolewa tena, na kila Jumapili alivuka na pirogi, vimkate vya kuokwa vyenye kabichi ndani, naye Rimma alimpokea kwa adabu na kumwita Kapitolina Yegorovna, kama mtu anavyomwita mwalimu wake, hata Rimma mwenyewe alipokuwa na wajukuu.

Alipooza upande mmoja Novemba 2000. Nonna alikuja kumjulia hali, akamkuta Rimma akimlisha, akakunja mkono wa blauzi na kumwonyesha kovu la meno. "Mwanangu, ulidhani alikutupa? Alikuwa ameshapanda kivuko kuja kwako. Alirudi kwa ajili yetu, na sisi wajinga tulikuwa tunamsubiri yeye aseme." Rimma aliweka kijiko chini, akalia sana, na usiku ule hakurudi kwake, alihamia kwa mama yake. Marehemu alifariki tarehe 9 Machi 2001, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi alikolazwa alipopooza, majirani waliotuletea supu bila kuitwa, wafumaji wenzake, na Nonna, aliyesimama pale mbele.

Nilikuwa nimeandika kwamba ameacha mtoto mmoja, aliyelelewa na bibi yake. Rimma amenikataza kusoma hivyo, akasema yeye sauti haitoki, nimsemee mimi: Mama, hukunitupa. Achia sasa, mama, upumzike kwa amani.