Mama Akaiti wa Mauke, Aliyeomba Kuzikwa Atiu

Mchungaji, wazee na wenyeji wa kijiji cha Teenui hapa Atiu, ndugu mliovuka bahari kutoka Mauke, majirani kutoka Rarotonga, na ninyi nyote mlioacha mashamba ya magimbi, yaani taro, na mazoezi ya ngoma ili kumsindikiza mama yetu, familia imemtuma mtoto wa kaka yake asome maisha yake mbele yenu, nayo imemwagiza asome yote, hata yale ambayo kwa miaka thelathini na mitano yalisemwa pembeni tu, mkono ukiwa umefunika mdomo.

Marehemu Akaiti Upoko alizaliwa tarehe 17 Machi 1956, kijijini Areora, kisiwani Mauke, akiwa mtoto wa tatu wa Upoko na Vainerere, naye alikuwa na umri wa miaka tisa siku ile ya tarehe 4 Agosti 1965 nchi yetu ya visiwa ilipoanza kujitawala, siku ambayo visiwa vyote huikumbuka kila mwaka kwa kukutana Rarotonga na kushindana kwa nyimbo na ngoma, katika sherehe ambayo sasa tunaiita Te Maeva Nui. Alipenda kusimulia kwamba siku hiyo aliikumbuka kwa jambo moja tu, kwamba bibi yake aliwatazama wageni wa Atiu waliopita na mzigo wa ndizi, akawaambia wajukuu, "Mtu wa Atiu akikuletea ndizi, kwanza hesabu watoto." Wenyeji wetu mtatusamehe, bibi aliyasema hayo kwa sababu ya vita vya mababu, Atiu walipokuwa wakiivamia Mauke, na sisi tunayasoma kwa sababu marehemu alilelewa nayo, kama mtoto anavyolelewa na uji.

Alisoma shule ya Mauke kuanzia mwaka 1961 hadi 1970, kisha akapelekwa sekondari Rarotonga, akamaliza mwaka 1974, na tarehe 3 Februari 1975 akaajiriwa katika ofisi ya posta ya Mauke kama mpokeaji wa simu ya upepo, kazi iliyompitishia masikioni habari zote za kisiwa, za misiba, za meli, za wachumba waliokimbiana, wala hakuna aliyewahi kusikia habari hata moja ikitoka kinywani mwake kabla ya kumfikia mwenyewe.

Mwaka 1978 alifika Mauke fundi wa jenereta, Nooroa Vaipo wa hapa Teenui, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, na ingawa jenereta ilihitaji siku nne, matengenezo yalichukua miezi mitatu. Walifunga ndoa kanisani Areora tarehe 15 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu, Ina mwaka 1981, Puna mwaka 1983 na Ruta mwaka 1988, nao walikaa Mauke, na hadi mwaka 1989 nyumba yao ilijaa nyimbo.

Mwaka huo mjomba wa marehemu, mzee Ngatama, aliyefanya kazi ujanani katika machimbo ya fosfeti, mawe ya mbolea, kule kisiwa cha mbali cha Makatea, aliona nguvu zinamwishia, akakipa kikundi cha Mauke, ambamo marehemu alicheza, mdundo wa ngoma aliokuwa ameuficha zaidi ya miaka thelathini, akiapa kwamba ni wake na kwamba hakuna sikio jingine duniani linaloujua. Wenye kuijua sherehe yetu wanajua maana ya zawadi kama hiyo, kwa maana kisiwa kikianza mazoezi hufunga milango, huweka walinzi barabarani, na mgeni hata akiwa mkwe huombwa kwa adabu akaangalie nguruwe wake. Nooroa, kwa kuwa ni mtu wa Atiu, alikubali kukaa nje bila ubishi, na katikati ya Julai akaja huku Teenui kwa juma moja kumuuguza mama yake.

Jumanne tarehe 1 Agosti 1989, pale Avarua, mjini Rarotonga, watu wa Mauke wakiwa wamekaa kati ya watazamaji na zamu yao ikiwa kesho yake, kikundi cha Atiu kilipanda jukwaani, wapiga ngoma wakainua vijiti, na ukatoka mdundo wa mzee Ngatama, mpigo kwa mpigo, pamoja na ule mkato wake mahali ambapo mguu hutaka kukanyaga na ngoma inaukatalia. Mama Tepaeru, kiongozi wa kikundi chetu, ambaye yuko hapa leo na ameruhusu jina lake lisomwe, aligeuka polepole, akamtazama marehemu, akasema kwa sauti ya kusikika safu tatu, "Akaiti, redio yako ilizimwa lini?"

Mauke walibadilisha mdundo usiku mmoja, wakacheza kama watu waliovaa viatu vya wenzao, wakawa wa mwisho. Katika meli ya kurudi hakuna aliyeketi karibu na marehemu isipokuwa mzigo wa mikeka, na dukani, posta, hata kanisani, alifuatwa na swali lile lile lenye meno ya kucheka, "Dada Akaiti, leo Atiu wanasemaje?" Kuanzia hapo, kila Juni ilipokwisha, naye aliwekwa nje ya ukumbi wa mazoezi, akashona mavazi ya wachezaji bila kuambiwa watacheza nini, akapelekewa vipimo vya viuno na mabega kwenye karatasi, kama fundi wa mji wa kigeni.

Hayo aliyavumilia, kwa maana alijua hakuupeleka mdundo kwa simu wala kwa barua. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu hadi mwaka huu, kwamba mapema Julai ile, akipika majani ya taro kwa tui, alijikuta anauimba mdundo ule kwa midomo, na Nooroa akiwa mlangoni akauliza, "Huo nao ni wa nini, mama Ina?" naye akajibu, "Ni wa sufuria." Siku tisa baadaye Nooroa alipanda boti kuja Atiu.

Hivyo marehemu alimshuku mume wake, na alimshuku kwa miaka ishirini na miwili, huku akimpenda, akimpikia, akimfulia. Ndani ya nyumba yao Julai ukawa mwezi wa midomo iliyofungwa, watoto wakakatazwa kupiga mluzi, vijiko vikawekwa mezani taratibu, na marehemu akajifunza kutazama vidole vya mumewe kando ya sahani, kama vitacheza, kama vitajisahau. Nooroa aliona, akajaribu kucheka, "Julai ikiingia unaniangalia kama polisi, bado pingu tu." Hakuuliza sababu, na marehemu hakuuliza swali lake, kwa kuwa, kama alivyowaeleza binti zake, "Nikiuliza akakana, nitajua ni mwongo pia. Nikiuliza akakubali, nitakaa na nani?"

Mwaka 1996 serikali ilipopunguza wafanyakazi, familia ilihamia Rarotonga, marehemu akauza mashada ya maua sokoni Avarua hadi mwaka 2019, na Nooroa akatengeneza mashine za kukatia nyasi. Nooroa alifariki tarehe 22 Oktoba 2011, akaletwa kuzikwa hapa, kwenye kiwanja cha baba yake, na siku mbili kabla ya kufa alimshika mkewe mkono akamuuliza, "Utakuja kulala karibu yangu?" Marehemu akajibu, "Tutaona." Neno hilo halikumwachia usingizi mzuri tena, lakini pia hakulifuta, na alipoandika wosia mwaka 2014 alitaka azikwe Mauke, kwa wazazi wake, "mpaka nijue vinginevyo."

Februari 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wa hospitali ya Rarotonga wakaona kwamba moyo umepanuka, akatibiwa akapata nafuu, akaenda Auckland kwa uchunguzi Machi 2023, akarudi, na tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2024 akalazwa tena.

Tarehe 3 Juni alifika kando ya kitanda chake mzee ambaye hakuwa amemsalimu kwa miaka thelathini na mitano, Papa Teokotai wa hapa Teenui, mpiga ngoma mkuu wa Atiu mwaka ule wa 1989, aliyekuja Rarotonga kutibiwa macho, akapapasa kiti, akaketi bila kukaribishwa, akainusa sahani ya marehemu. Ruta, binti wa marehemu, alikuwepo, na maneno haya ameyathibitisha.

"Shemeji, ndicho chakula wanachokupa? Mimi nguruwe wangu nisingempa."

"Nguruwe wako atakula cha wizi, kama bwana wake."

"Wizi?" Mzee aliinua uso. "Ninyi mlioiba ndio mnaita watu wezi? Uchungu wako naujua, shemeji. Mlitaka kupiga mdundo wetu, tukawatangulia."

"Wenu? Nani aliwapa?"

"Tupewe na nani? Mjomba wangu alirudi nao kutoka Makatea, mwaka hamsini na saba. Akaufungia kifuani mpaka karibu na kufa, akaniachia mimi."

Marehemu akauliza kule Makatea mjomba huyo alilala chumba kimoja na nani, na mzee akacheka, akasema ni mtu wa Mauke, jina hakulishika, ila mjomba alimwita Tisa, kwa sababu kidole kimoja kilikatwa na toroli la fosfeti, na kwamba jioni wakitoka kazini wawili hao waligonga makopo ya biskuti hadi wenzao wakawatupia viatu.

Watu wa Mauke waliopo hapa hawahitaji kuelezwa mzee Ngatama alikuwa na vidole vingapi.

Wanaume wawili walitoka katika chumba kimoja na mdundo mmoja, kila mmoja akaubeba kisiwani kwake, akauficha kama yai, akaapa ni wake peke yake, nao wakafa bila kukutana tena, wakawaachia watu wa kwao. Nani kati yao aliutunga, hatujui, ingawa familia ya Mauke ina maoni yake.

Kisha Papa Teokotai akasema lile lililomuumiza marehemu kuliko ugonjwa, kwamba mwaka ule watu wa Atiu waliposikia Mauke nao walikuja na mdundo ule, walimshuku Nooroa kuwa ndiye aliyeupeleka kwa mkewe, wakamfungia ukumbi wa kijiji chake mwenyewe, na tangu hapo hakukanyaga mazoezi. "Hakukwambia?" Hakumwambia. Kila Julai alipokataa kuja Atiu alimwambia mkewe kwamba ni mgongo, na mkewe alimkanda mgongo huo kwa mafuta ya nazi, akiwa anamtazama vidole.

Jioni ile marehemu aliwaita watoto wake na kaka yake Mataio, akasema wosia ubadilishwe, apelekwe Atiu. Mataio hakukubali upesi, na familia haioni aibu kuyasoma maneno yake.

"Dada, mtu wa Atiu amekuja na hadithi na wewe unampa mwili wako? Kwa nini hakusema miaka yote hii?"

"Tulimuuliza?"

"Na kama ni uongo?"

"Basi, Mataio, ni uongo ambao Nooroa hayumo. Mimi niliusadiki wa kwangu ambao yumo, na haukuwa na shahidi hata mmoja."

Mataio alitoka nje, akazunguka hospitali mara mbili, akarudi, akaomba karatasi asaini kama shahidi.

Marehemu Akaiti alifariki Ijumaa tarehe 12 Julai 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na minane, ameacha watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja, na leo Jumanne tarehe 16 analazwa upande wa kushoto wa mume wake, akiwa amefunikwa tivaevae, ile shuka yetu ya viraka vya maua, aliyoishona mwenyewe. Neno lake la mwisho lenye kueleweka aliiambia picha ya Nooroa iliyokuwa ukutani, nalo lilikuwa, "Nakuja kukuomba radhi, usijifanye umelala."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Rarotonga, hasa waliomruhusu kuvaa shada la maua kitandani, majirani zake waliomletea samaki mbichi wa ndimu na nazi hata alipokatazwa chumvi, wauza maua wenzake wa Avarua, wafanyakazi wa posta wa zamani, na Mama Tepaeru, ambaye ana miaka themanini na sita na amesafiri baharini siku nzima, akatapika njia yote, ili asimame mbele ya jeneza aseme alichokuja kusema, nacho tumemwachia yeye na marehemu.

Zaidi ya wote tunawashukuru ninyi wenyeji wa Teenui. Tumefika watu kumi na wanane wa Mauke, katikati ya Julai, zikiwa zimebaki wiki mbili na siku chache kabla ya Te Maeva Nui, tukitarajia kulazwa chini ya miti na kuwekewa walinzi, nanyi mmetulaza ndani ya ukumbi wenu wa mazoezi, ngoma zikiwa zimesimama ukutani bila kufunikwa. Tunatoa neno letu kwamba hatukugusa kitu, wengine wetu tumelala tumegeukia ukuta wa pili, na Mataio, ambaye mpaka asubuhi ya leo anauliza kwa nini hamkuzifunika, ameambiwa na dada yake mdogo anyamaze, na amenyamaza.

Mama Akaiti, umefika ulikoitwa. Pumzika kwa amani.