Vipande Arobaini na Vinane

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Dada Futi alipoweka sampuli tatu za zulia la vipande kwenye benchi la kijiweni na kuomba ushauri. Jina hilo alipewa hapo hapo, kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka mkobani. Mama yake haoni, mwaka wa pili sasa. Jumamosi aliteleza ndani, kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikawa kama kioo, akaumia nyonga. Kaka mkubwa akatamka: akianguka tena, namchukua. Kwa kaka ni ghorofa ya nne, nyumba ambayo mama hajawahi kuikanyaga, naye ameapa hatoki kwake.

Vipimo alikuwa navyo. Kutoka chumbani hadi mlango wa jikoni, mita nne kwa tatu. Vipande arobaini na vinane vya nusu mita kwa nusu mita, na vinne vya akiba. Alichokosa ni usingizi. Achague chenye nyuzi fupi, chenye nyuzi ndefu, au cha mistari?

Fundi Gundi, aliyetandika sakafu za maofisi miaka ishirini, alikikunja kile kifupi, akakinusa.

— Hiki. Na gundi kila mahali, usibakize hata upana wa kidole. Damu nzito kuliko maji, binti, na gundi nzito kuliko damu.

Hakimu, ambaye kazi yake mahakamani ilikuwa kupeleka barua, alipinga. Saruji hupumua, alisema. Ukiifunika, unyevu utapanda ukutani, utafika darini, na mama wa watu atalala chini ya uyoga.

— Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Na sakafu inazaa nini, mzee? Fundi aliuliza.

— Mimi nimezungumzia kufunika.

Muuza kahawa alikuwa akimimina, uso haujacheka. Kwa maoni yake zulia humeza vishindo. Mgeni ataingia, mwizi ataingia, hata mauti yataingia yamevaa soksi, na asiyeona hatasikia hatua. Hapo hakuna aliyetania. Dada Futi aliandika "vishindo" kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Wakati huo mbeba mizigo mmoja, mgeni pale, alitua gunia lake la vitunguu na kuomba kikombe. Alisikiliza mpaka kahawa ikaisha.

— Samahani, dada. Huyo mama, sasa hivi anajuaje kama amefika jikoni?

Fundi alimtazama Hakimu. Hakimu alitazama barabara.

— Nauliza tu, ndugu zangu. Mimi nikijitwika gunia siioni miguu yangu. Njia naijua kwa nyayo.

Dada Futi alijua upana wa mlango wa jikoni, sentimita themanini na mbili. Alijua kimo cha kizingiti. Alilouliza mgeni hakulijua. Mwaka wa pili huu amemshika mama mkono, na hajawahi kumwuliza. Alikusanya sampuli zake, akawaaga wazee kwa sauti ndogo.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, alivua viatu, akafumba macho, akashika mabega ya mama kwa nyuma.

— Nipeleke jikoni, mama.

— Leo umekuwa mtoto?

Lakini alimpeleka. Hatua ya sita mama alipunguza mwendo, na chini ya vidole vya miguu ya Dada Futi ukapita ufa mwembamba, wa kuweza kuingiza ukucha.

— Hapa nakata kona, mama akasema. Hatua nne mbele kuna kiraka alichotia baba yako, kinakwaruza. Nikikikosa hicho, nimepotea.

Dada Futi alifumbua macho. Alipiga magoti, akauzungushia ufa chaki, akakizungushia na kiraka. Kisha akaweka sampuli moja kando ya ufa, si juu yake, akaushika mguu wa mama kwa mikono miwili.

— Kanyaga, mama, uniambie kama kona bado unaipata.