Tulinyoa Vichwa kwa Ajili ya Mama wa Kitabuni

Papa na Mama zangu, kaka na dada, nawasalimu kwa jina la Mungu aliyenivumilia mimi mwenye kichwa kigumu. Wazee wa kanisa hapa Lushebere wameniomba niseme neno kabla vitabu hivi vilivyoko mezani havijaanza kupita mikononi mwenu. Naona wengine mmeshanyoosha shingo. Ngojeni kidogo. Mimi vitabu viliniangusha mbele ya kijiji kizima, na nitawaeleza jinsi ilivyokuwa. Jina la mtu sitalitaja. Aibu ni yangu, inanitosha.

Mnajua mimi si mzaliwa wa milima hii. Natoka kule msituni, Walikale, upande wa Kibua. Miaka ile nilikuwa mwalimu wa kanisa. Kijijini tulikuwa wawili tu tunaojua kusoma, na mwenzangu macho yalikuwa yamekwisha. Kwa hiyo nilikuwa mtu mkubwa. Nilitembea polepole. Hata mtu akinisalimu, nilichelewa kidogo kuitika ili ajue amemsalimu nani. Mnacheka? Chekeni tu, hata mke wangu pale nyuma anacheka.

Sasa sikilizeni. Kwetu kilichoandikwa kilikuwa kweli. Neno la Mungu limeandikwa. Majina yetu yameandikwa katika daftari la serikali, na aliyeandikwa humo hata akijificha msituni atatafutwa. Hadithi tulikuwa nazo nyingi, za kobe na chui, lakini hizo ni za mdomo. Anayezisimulia anageuza sauti, watoto wanaitikia kwa wimbo, na kila mtu anajua kwamba chui hasemi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu mzima anaweza kukaa mezani na kalamu, akaandika mambo ambayo hayakutokea, yakapigwa chapa, yakashonwa na kutiwa jalada.

Mwalimu mmoja wa shule alihamishwa. Alipofika Itebero, njiani, alikosa wachukuzi wa kutosha, akaniachia sanduku la bati lenye vitabu vya Kiswahili vilivyotoka upande wa Tanganyika. Nilifungua kimoja cha jalada la kijani. Nikaona: Sura ya Kwanza. Nikasema moyoni, hiki kina sura kama Biblia, basi ni kitabu cha heshima. Sikuuliza zaidi.

Kikawa kinatusimulia habari za mama mmoja aliyeachwa na bwana yake na watoto watatu. Alikata kuni za kuuza, alilala njaa ili watoto wale, na majirani walimpita njiani bila kugeuza uso. Kila Jumapili, ibada ikiisha, nilisoma sura moja. Watu hawakuondoka. Hata wale waliokuwa wakisinzia katika mahubiri yangu waliamka.

Kulikuwa na mama mmoja mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuamrisha. Huyo alikaa mbele kabisa.

“Mwalimu, ule bwana yake hajarudia?”

“Sijui, Mama. Tutaona Jumapili.”

“Kwa nini Jumapili? Soma sasa!”

“Hapana. Sura moja.”

Nilipenda kuombwa, ndugu zangu. Njo ukweli, ndiyo hivyo. Mwindaji mmoja alileta paja la nyama lililokaushwa moshini, akaniambia nimtafute msafiri wa kulipeleka kwa wale watoto watatu. Nikalipokea kwa mikono miwili na kulitundika juu ya moto.

Katika sura ya tisa yule mama akaugua, akafa. Wanawake wakapiga yowe pale pale kanisani. Mama mzee akasimama, akageukia watu.

“Amekufia mbali, na kule hakuna wa kumulilia. Tutamulilia sisi. Yeye haiko muntu kama sisi?”

Desturi yetu mnaijua au mmeisikia. Tukifiwa, tunanyoa vichwa, na kwa siku tatu hakuna anayekanyaga shamba. Wembe ulianza na mimi, kwa kuwa mimi njo niliyeleta habari. Kisha wazee, wanawake, mpaka watoto wa kunyonya. Kitabu nikakifunga, maana haikuwa vizuri kuendelea na habari za marehemu watu wakiwa katika matanga. Tulikaa siku tatu mikekani. Siku hizo tatu nguruwe wa pori wakaingia katika karanga zetu, wakafukua mistari yote. Tulisikia milio yao tukiwa tumekaa. Hakuna aliyenyanyuka.

Siku ya nne, karibu na adhuhuri, akapita muuguzi wa serikali katika mzunguko wake wa kuchanja. Alipoingia kijijini akasimama ghafla, akashusha mkoba.

“Kuko nini hapa? Ugonjwa gani umepita? Bantu bote bamenyoa!”

“Tumefiwa, Papa muganga.”

“Nani?”

Nikakimbia ndani, nikaleta kitabu. Nilikibeba kwa heshima. Akakitazama, akanitazama mimi, akakitazama kichwa changu.

“Mwalimu,” akasema polepole, “ile iko roman.”

“Roman njo nini?”

“Hadisi ya kutunga. Mutu alikaa kwake, akaifikiri, akaiandika. Ule mama hakufa.”

Wanawake wakapiga vigelegele. “Hakufa! Asante Mungu, hakufa!”

Yule muuguzi akainua mikono kuwanyamazisha. “Hapana, ba Mama. Hakufa sababu hakuzaliwaka hata siku moja.”

Ndugu zangu, nawaambia, nimeona chui uso kwa uso njiani, na sikushtuka hivyo. Nilikaa chini kwenye vumbi bila kuona aibu. Niliuliza, “Na watoto?” Akasema hakuna watoto. Nikauliza, “Na ile nyumba, na ule mto alipokatia kuni?” Akasema hakuna nyumba, hakuna mto. Nilimwona yule mama, mnanielewa? Nilijua anavyofunga kitenge chake! Nilimlilia kuliko nilivyomlilia shangazi yangu. Mtu anawezaje kunifanyia hivi, mtu nisiyemkosea kitu?

Muuguzi alikuwa na huruma, hakucheka mpaka alipokuwa peke yake nyuma ya nyumba. Kisha akafungua lile sanduku, akatandika vitabu kwenye mkeka mafungu mawili, mke wangu akiwa amesimama pale. Upande huu akaweka vya kutunga: kile cha kijani, kimoja cha mwizi anayetafutwa na polisi, kimoja cha wanyama wanaosema. Upande ule akaweka vya mambo ya kweli: safari za mtu aliyevuka nchi kwa miguu, kilimo cha kahawa, maisha ya mfalme mmoja wa zamani, na kimoja chekundu cha kutunza wagonjwa nyumbani. Akasema vyote ni vizuri, kila kimoja kwa kazi yake. Mimi nilikuwa nimeziba masikio kwa hasira. Alipoondoka, nikavirudisha vyote ovyo sandukuni, nikalifunga kwa kamba ya msituni mara tatu.

Yule mama mzee hakunisamehe. Alikuja mpaka mlangoni, kichwa chake kinang'aa juani.

“Umetunyoa kwa kifo hakina muntu,” akaniambia. “Sasa ile kifo itatafuta muntu wake.”

Neno hilo likaenea nyumba kwa nyumba. Jumapili nilifungua Biblia mbele ya watu, na midomo ikakataa. Nilijiuliza, na hii je? Nani aliketi, nani akaifikiri? Nilifunga, nikasema naumwa, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nimekuwa Mkristo tangu ujana, na siku ile sikuwa na kitu hata kimoja cha kushika. Wiki zile sikusoma hata neno moja. Watu wakipita sikuitika tena salamu, lakini sasa ilikuwa kwa aibu.

Halafu mtoto wetu akaugua.

Alikuwa msichana, hajamaliza kujifunza kutembea. Akaanza kuhara na kutapika asubuhi, na jua lilipofika katikati macho yake yalikuwa yameingia ndani. Kwetu mtoto anayehara hapewi maji, tunasema maji yanaongeza maji. Tukamnyima. Muuguzi alikuwa ameshafika mbali, siku tatu za kutembea. Wanawake wa kijiji wakaja, mmoja mmoja, wakasimama mlangoni na vichwa vyao vyenye nywele fupi zinazoanza kuota. Walimtazama mwanangu kama mtu anayeagwa, na mimi nilijua wanachofikiri, kwa sababu nilikifikiri mimi pia: kifo kimempata mtu wake.

Mke wangu akaondoka mkekani. Akaenda kwenye sanduku, akakata kamba kwa panga, akapekua, akarudi na kitabu chekundu. Yeye hajui kusoma. Alikuwa amekumbuka rangi.

“Hii ilikuwa upande wa kweli. Soma.”

“Vitabu ni uongo.”

“Ile ingine ilikudanganya. Hii haijakudanganya bado. Soma, baba!”

Alinipigia kelele mbele ya watu, mke wangu mpole huyu. Nikafungua. Nikakuta habari ya mtoto anayehara. Humo iliandikwa kwamba mtoto akilia bila machozi, mwili umekauka. Nikamtazama. Alikuwa akilia, na shavu lake kavu kabisa. Mtu ambaye hajafika Kibua alikuwa ameniandikia habari za uso wa mwanangu!

Kitabu kilisema: chemsha maji, yapoe, tia chumvi kidogo na sukari ukiwa nayo, mpe kijiko baada ya kijiko, na akitapika, pumzika, anza tena. Mpe pia maji ya mchele.

Mama mzee akaingia aliposikia. “Munapa mutoto maji? Munamuua!”

Hapo nilisita. Nasema wazi, nilisita. Nilikuwa nimeshawaamini watu wa kitabu mara moja, na mnajua nilivyonyolewa. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu, hakikwenda. Mke wangu akakichukua, akampa mtoto yeye mwenyewe. Mtoto akatapika. Mama mzee akafunika uso. Mke wangu akahesabu pumzi zake, akachota tena. Tulifanya hivyo, yeye akinywesha na mimi nikisoma mistari ile ile kwa sauti, kana kwamba nikinyamaza maji yatasahau kazi.

Siku ya tatu asubuhi mtoto alilia kwa ukali, na chozi likatoka. Moja tu, likashuka mpaka kwenye kidevu. Tulimwita kila mtu aje alione. Mama mzee aliligusa kwa kidole, akatoka nje.

Jumapili hiyo nilisimama mbele ya kanisa, nikaomba msamaha: kwa vichwa, kwa karanga, kwa kiburi changu. Na lile paja la nyama, nilisema pia nani alilila. Niliposema nimemaliza, mama mzee akainua mkono.

“Na bale batoto batatu, balibakia na nani?”

“Mama, hakuna watoto. Ilikuwa ya kutunga.”

“Njo najua. Nauliza balibakia na nani.”

Nikatuma kitabu kiletwe. Nikasoma sura mbili zilizobaki, kwa pamoja, hakuna aliyenikataza. Mwishoni, jirani mmoja aliyekuwa akimpita yule mama kila siku anakuja na kikapu cha chakula, anakuta mlango umefungwa na watoto wamechukuliwa na wageni. Hapo kitabu kinaisha. Tulijua wote kwamba hakuna nyumba, hakuna mlango, na bado hatukuweza kuinua macho.

Sasa, ndugu zangu, kuna mama mmoja sijamtaja mpaka sasa. Na kwamba nimeweza kusimulia yote haya bila kumtaja, hilo njo nililokuja kulitubu. Alikaa mwisho wa kijiji chetu, karibu na kijito tunapolowekea muhogo. Bwana yake alikwenda kutafuta kazi, hakurudi. Alikuwa na watoto wawili. Tulisema ana mkosi, tukawa tunazunguka nyumba yake. Tulimnyolea vichwa mama asiyezaliwa, na huyu tulimpita kila tulipoteka maji. Mimi mwalimu nilikuwa wa kwanza kumpita.

Mama mzee ndiye aliyeinuka. Hakuhubiri. Alisema tu, “Twende,” nasi tukajua wapi. Tulipitia nyumbani, tukachukua ndizi, mafuta ya mawese, karanga zile chache nguruwe walizotuachia. Tukaenda kijiji kizima kwa mstari mmoja mpaka mlangoni kwake. Akatoka, akatuona tulivyo wengi. Akawakumbatia watoto wake haraka, uso umebadilika kwa hofu, akatuuliza:

“Nani amekufa?”

Mama mzee akaweka ndizi zake pale mlangoni, na sisi tukafuata mmoja mmoja.

Basi. Namshukuru mke wangu, ambaye hajui herufi na alinifundisha kusoma. Namshukuru yule muuguzi popote alipo. Namshukuru yule mama mzee, ambaye sasa amelala, na tulimlilia kwa haki. Binti yetu ni yule pale anayewazuia wadogo wasiguse meza. Nawashukuru pia watu wawili nisiowajua, aliyeandika jinsi ya kunywesha mtoto, na aliyetunga habari za mama asiyekuwako. Huyo wa pili nilimlaani sana. Leo namwomba radhi mbele yenu.

Mezani hapa viko vya kila namna. Ukishika kimoja, uliza kwanza ni cha namna gani, usione haya kama mimi. Kikiwa cha mambo ya kweli, kijaribu, ufanye kinavyosema. Kikiwa cha kutunga, na ukajikuta unalia, usikasirike. Futa uso, utoke nje, umtafute jirani yako kabla hajazoea kuwaona watu siku ya kifo tu. Mungu awape macho. Karibuni mezani, wamama watangulie.