Matundu ya Kompyuta ya Mitunguu

Siku hiyo tulikuwa hawa: Mzee Rwamba, tunayemwita Mombasa kwa sababu alifanya kazi bandarini ujana wake wote, Njuki, baba Njura, tunayemwita Kamati kwa sababu hakuna kamati hapa Mitunguu asiyoikalia, Njagi Redio, fundi wa redio, mimi Gatwiri, mama Kendi, mwenye birika la kahawa, na Kendi mwenyewe, mtoto wa kunyonya, aliyelala ndani ya katoni chini ya benchi. Baadaye aliongezeka mama mmoja wa kutoka Mbeere. Benchi letu ni ubao uliolazwa juu ya mabomba mawili ya zamani ya kumwagilia shamba, mbele ya ofisi ya chama chetu cha wakulima wa ndizi. Kwetu kahawa ilikuwa ya kuuza na chai ndiyo ya kunywa, mpaka Mombasa aliporudi akatufundisha uchungu wa kahawa. Ulikuwa mwaka wa 1999, na saa nane mchana kamati ya chama ilikuwa ikutane kuamua kama Makandi, karani wetu wa kompyuta, abaki au arudi kwao Ruiri.

Kosa lake lilikuwa hili. Programu inayoweka hesabu ya kilo za ndizi zetu ilitengenezwa na kampuni moja ya Nairobi, na vyama vingi huitumia. Makandi aligundua kwamba mtu akibonyeza kitufe tu bila kuandika neno la siri, programu inamfungulia, na anaweza kubadilisha kilo za mkulima yeyote. Akaiarifu kampuni. Kampuni ikatengeneza kiraka, ikakituma kwenye disketi, kisha ikatoa taarifa kwa vyama vyote: tundu limeonekana, limeripotiwa kutoka Mitunguu, zibeni. Tangu hapo alikuwa ameona mengine, na kila taarifa ilikuwa na Mitunguu ndani yake. Taarifa ilikuwa ya Kiingereza, ikasema programu ina “bugs”. Mwenyekiti akawatafsiria wanakamati: kompyuta yetu ina wadudu. Na wakulima wa ndizi wanajua mdudu mmoja tu anayetoboa matundu, yule mweusi anayekula shina la mgomba kutoka ndani.

— Mimi nilisema mapema, alianza Kamati, akipuliza kikombe chake. Mgomba wa kutoka nje haupandwi hivi hivi. Chipukizi lazima ulichonge mizizi, ulitumbukize kwenye maji ya moto, ndiyo upande. Huyu msichana alisomea Embu. Ametoka Embu moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Nani alimchonga?

— Kwa hivyo ulitaka tumchemshe? akauliza Redio.

— Nasema tu. Kabla yeye aje, hiyo kompyuta ilikuwa na matundu mangapi? Hakuna. Amekuja, tundu la kwanza. Amekaa kidogo, la pili. Saa hii hata hatuhesabu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Kamba na matundu ni wapi na wapi, Kamati?

— Kamba hutoboa.

— Hutoboa nini?

— Mguu. Wacha kunikatiza.

Ni Kamati huyu huyu aliyeingia ofisini na pampu ya dawa mgongoni, akanyunyizia kila kona. Makandi alivua sweta yake akafunika nayo ile mashine, akangoja mlangoni akipiga chafya. Kamati alipomaliza, Makandi akamwambia, “Asante, Baba Njura, hata mende wameenda.” Hakumcheka. Nilikuwa hapo nikamwona jinsi alivyojizuia, na jinsi Kamati alivyotoka amenyoosha mgongo kama mtu aliyesaidia.

Redio alikunjua gazeti alilokuwa amefungia nyaya zake.

— Someni magazeti, nyinyi. Si Mitunguu peke yake. Hapa wanasema matundu ya programu yanayotangazwa duniani yanazidi kuongezeka mwaka baada ya mwaka. Hata Amerika.

— Amerika! akasema Kamati. Makandi alienda saa ngapi?

Mombasa alicheka mpaka akakohoa. Nikampa maji.

— Sasa kama si yeye, Redio, akauliza Kamati, matundu ya Amerika yanatoka wapi?

— Stima, akasema Redio. Mimi ni fundi, naongea kitu najua. Stima yetu, huu umeme, inatoka wapi? Mabwawa ya Mto Tana. Na ndani ya yale maji kuna nini? Mamba. Kukiwa na kiangazi maji yanapungua, mamba wanakasirika, stima inakuja na meno. Ikiingia kwa kompyuta, inauma.

— Na stima ya Amerika?

— Huko wako na wanyama wao.

— Wacha uongo! Redio zako mbona hazitobolewi?

— Redio zangu natumia betri. Mwenye macho haambiwi tazama.

Hapo ndipo Mombasa aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, sisi hujua tumefika baharini.

— Nyinyi ni watoto. Matundu yanaongezeka kwa sababu yanatangazwa. Bandarini kulikuwa na meli moja, ilikuwa na tundu hapa ubavuni, mkono unaingia. Nahodha hakuambia mtu. Hiyo meli ilienda na kurudi miaka mingi, hakuna gazeti lililoandika.

— Sasa iko wapi? nikamuuliza.

— Ilizama. Lakini ilizama na heshima yake.

— Mzee!

— Siri ya mtungi aijuaye kata, Mama Kendi. Sasa kata ikianza kuzunguka soko lote ikisema mtungi unavuja, nani atakunywa maji ya mtungi huo? Ukiwa na tundu kwenye boma la mbuzi, utalitangaza kanisani? Fisi atasikia.

— Fisi haendi kanisani, akasema Kamati.

— Basi kama fisi haendi, akadakia Redio, anayesikia ni nani? Si jirani? Na jirani akiwa na boma kama lako, lililojengwa na fundi yule yule, atarudi nyumbani aangalie lake.

Mombasa alichukua tena kikombe chake. Hakupenda.

— Kuna fisi wengine wana majirani, akasema.

Kendi alipiga chafya ndani ya katoni. Wote watatu waliinamisha vichwa kuchungulia chini ya benchi.

— Hiyo si katoni ya kompyuta? akauliza Kamati. Mama Kendi, si mtoto ameambukizwa na wale wadudu?

Niliwaambia ni vumbi tu. Lakini sauti zao zilikuwa zimeshashuka. Mombasa akahamisha koti lake likakinga upande wa jua, na Kamati, huku akiendelea kulaumu wadudu, akavua kofia akawa anafukuza nzi. Katoni hiyo nilipewa na Makandi. Kabla yake nilikuwa nauza kahawa mtoto akiwa mgongoni, na birika ni la moto. Siku moja aliniona, hakusema kitu. Kesho yake akatoka na katoni ya mashine, ameipangusa, ametandika shuka lake mwenyewe ndani. “Mashine imeshapata meza,” alisema, “huyu naye apate kitanda.”

Wakati huo ndipo yule mama wa Mbeere alifika. Alikuwa na gunia tupu begani na vumbi mpaka magotini. Alikuwa amekuja kununua machipukizi ya migomba, kwa sababu huko kwao walikuwa wamepata maji ya kumwagilia kidogo, naye alitaka kujaribu. Mwenye ghala la chama alikuwa hajarudi kutoka shambani. Mombasa alisogea akamwachia upande wa kivuli, Redio akamwaga tone lililobaki kwenye kikombe chake, akakisuuza, akanipa nimjazie.

— Karibu, cucu, akasema Redio, kama tunavyomwita bibi mzee. Ni chungu lakini inaamsha.

— Niko macho, mwanangu, akasema yule mama, akanywa, akakunja uso, akanywa tena.

Mlango wa ofisi ukafunguka, Makandi akatoka. Alikuwa ameshika kikombe cha rangi ya samawati. Kilikuwa changu, nilimwachia siku alipoanza kazi, kikawa kinakaa mezani kwake. Alikuwa amekiosha vizuri.

— Shikamooni, akawasalimia wazee, kisha akanigeukia mimi. Mama Kendi, kikombe chako. Nisije nikasahau.

— Si ukae nacho? Nikuwekee kahawa?

— Leo hapana. Asante.

Aliinama chini ya benchi. Soksi moja ya Kendi ilikuwa imetoka. Akamvalisha taratibu, akarudi ndani. Kupitia mlango niliona mkoba wake juu ya kiti, na ile sweta imekunjwa juu yake.

Mombasa aliutazama mkoba ule, kisha akamtazama Kamati.

— Kamati, akasema Redio, leo utasema nini huko ndani?

— Wengi wape.

— Wengi wanasema nini?

— Mwenyekiti na mmoja wanasema aende. Anatuaibisha, jina letu liko kwenye kila taarifa. Wawili wanasema abaki.

— Na wewe?

— Mimi ndiyo wa tano.

— Wa tano anasema nini?

— Wa tano anakunywa kahawa. Mbona unaniuliza kama polisi? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tunao tayari, ufa umeletwa na nani?

— Ngojeni mwaka elfu mbili, akasema Redio, ambaye akiwa na huzuni huongea zaidi. Nyinyi mnafikiri haya matundu ni ya nini? Ni ya miaka. Ile miaka yote tangu babu zetu imejazana ndani ya kompyuta, sasa elfu mbili inakuja, ni nzito, inasukuma. Matundu ni pale miaka inatokea. Usiku wa mwaka mpya utaona mwaka wa 1963, ule wa uhuru, unatoka hapo mlangoni, na bendera.

— Na mimi nitakuwa na meno yangu tena, akasema Mombasa.

— Na msichana akienda, matundu yanabaki au anaenda nayo? nikauliza, maana roho ilikuwa inaniuma.

— Anaenda nayo, akasema Kamati. Lakini hakusema kwa nguvu.

Yule mama wa Mbeere alikuwa amesikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, kikombe kiko mikononi. Alikohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi.

— Samahani, wanangu. Mimi hiyo kompyuta siijui, hata sijaiona. Nauliza tu.

— Uliza, cucu.

— Kabla ya huyu msichana kuja, nani alikuwa anatafuta hayo matundu?

Kamati alifungua mdomo.

— Kabla yake kulikuwa na yule kijana wa…

— Yule alikuwa anacheza karata ndani ya mashine, akasema Redio. Mimi nilimwona.

— Basi mwenyekiti.

— Mwenyekiti hata kuiwasha anaogopa.

— Kulikuwa na… Kamati alimtazama Mombasa. Mombasa alitazama mabomba chini ya benchi. Redio alianza kukunja gazeti lake, akalikunjua, akalikunja tena.

— Hiyo ni swali, akasema Kamati mwishowe.

— Ndiyo, mwanangu. Jibu lake?

Kamati akaninyooshea kikombe nimwongezee. Niliinamisha birika, likatoa machicha tu.

— Imeisha, Baba Njura.

Alikaa akiangalia machicha yale kana kwamba yangemwambia kitu. Kisha akainuka, akavaa kofia. Alipopita karibu na katoni aliivuta kidogo kwa mguu iingie kivulini, na kwenda zake ofisini. Ilikuwa saa nane.

Tulingoja. Mwenye ghala alirudi, akamjazia yule mama machipukizi, lakini mama hakuondoka. Alisema miguu yake inapumzika. Ndipo tulipomuuliza jina. Alikuwa anaitwa Wambeti. Redio alimfungia mdomo wa gunia kwa waya wake mzuri wa shaba, ambao kwa kawaida hawezi kumpa mtu hata kipande.

Kikao hakikuchukua muda. Baadaye Kamati alitueleza kwamba hakusema lolote la kwake. Alirudia tu lile swali la cucu, akakaa chini. Mwenyekiti alisema ni swali zuri. Kisha akatafuta miwani yake, na alipoipata hakuwa na la kusoma. Ruiri haikutajwa tena.

Makandi alitoka akiwa amevaa sweta yake, ijapokuwa jua lilikuwa kali. Alikuja mpaka kwenye benchi.

— Mama Kendi, naomba kile kikombe.

— Kahawa imeisha, mwenzangu.

— Sitaki kahawa. Nataka kikombe.

Nilikipangusa kwa leso ingawa kilikuwa safi, nikampa. Mombasa akajifanya ana kitu jichoni, na Wambeti akainuka, akajitwika gunia lake, akatuaga.

— Kabla upande, cucu, Kamati akamwita, uyatumbukize maji ya moto!

— Nitayaangalia kwanza, akajibu.

Mwaka uliofuata kampuni ilitoa taarifa ndefu kuliko zote, na Mitunguu ilitajwa humo zaidi ya chama kingine chochote. Mwenyekiti aliibandika kwenye mlango wa ofisi.