Nadira wa Mtongwe, Aliyepaka Piko Siku ya Kura

Ilisomwa katika hitma yake, Magongo, Jumatano tarehe 15 Novemba 2023, na waliodakia nimewaandika humu walivyodakia, kwa ajili ya ndugu waliokosa kufika.

Assalaam alaykum wazee wangu, na kina mama mlio upande wa pili wa pazia, na majirani wa dini zote, mimi ni Waleed Sheikhan, mdogo wake marehemu, mpishi wa meli, mtu aliyezunguka dunia nzima akaja kupotea kwao, kwa maana jana niliposhuka kwenye ndege nikaja moja kwa moja na begi langu, niliona turubai barabarani, nikaona viti, nikaingia nikalia kwa sauti ambayo sikulia hata baba alipotutoka, nikakumbatiwa, nikapewa sahani ya wali na soda, na nilipokuwa natafuna nikasikia historia ya marehemu ikisomwa, alizaliwa tarehe fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa reli, akastaafu, nami nikawa najiuliza dada yangu aliajiriwa reli lini, mpaka jirani yetu Dancun akaja akaniinamia sikioni, akasema, "Kaka Waleed, huyu si wenu. Huyu ni mzee wa Kitui. Wenu mmemzika jana."

Sisi hatuna desturi ya kusoma historia, sisi tunasoma Yasini tunamwachia Mola mengine, lakini nilivyokaa katika kilio cha wenyewe niliona uzuri wake, mtu kupangwa toka mwanzo hadi mwisho, kila hatua na tarehe yake, nikaja nikamwambia mpwa wangu Hanan kwamba mama yake naye atasomewa, Hanan akaniambia, "Mjomba, mama hakuwa na karatasi hata moja. Utasoma nini?" nami nikamjibu nitasoma ninachokumbuka, na nia yangu siifichi, kwa kuwa Alhamisi ya wiki ijayo Hanan anakwenda mbele ya kamati ya kupiga watu msasa kuomba kitambulisho, chuo cha uuguzi kimemwita Januari na bila kitambulisho hakimpokei, na kamati inataka mtu wa ofisi asimame aseme alimjua mama wa mtoto huyu, na mtu wa ofisi tunaye, naibu chifu wetu Bwana Munga, yule pale karibu na feni, karibu sana Bwana Munga.

Nadira alizaliwa Jumatano tarehe 14 Agosti 1974, Mtongwe, Likoni, nyumbani, mikononi mwa nyanya yetu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Sheikhan na marehemu Dhahabu binti Mwidani, na tarehe hiyo haimo katika daftari lolote la serikali, ilikuwa kinywani mwa mama, aliyekuwa akiitaja kila mwaka akikaanga kaimati. Babu mzaa baba alitoka Shihri, huko Yemeni, akauza kahawa Mombasa, baba mwenyewe alizaliwa papa hapa na safari yake ndefu kabisa ilikuwa Malindi, mama alikuwa Mdigo wa mashamba ya mihogo na minazi, na sisi watoto wao wawili tuligawana kama watu wanaogawana mirathi, Nadira akachukua weupe wa baba na pua yake, mimi nikachukua weusi wa mama na tumbo la mjomba. Kwa shangazi zetu wa upande wa baba yeye alikalishwa juu ya zulia akaitwa mwezi, mimi niliitwa makaa nikatumwa maji, na Nadira, mtoto wa miaka saba, alikuwa akienda jikoni akijipaka masizi ya sufuria mashavuni, kisha anatokea mlangoni, anasema, "Haya, nitumeni na mimi."

Alisoma shule ya msingi Likoni kuanzia mwaka 1981 hadi 1988, akaongoza wasichana wote katika mtihani wa darasa la nane, akaingia sekondari ya wasichana kule kisiwani kuanzia 1989 hadi 1992, akivuka feri asubuhi na jioni, na walimu walisema ana akili ila hayupo darasani, siku moja mwalimu akamuuliza, "Nadira, uko wapi?" naye akajibu bila kushtuka, "Bombay, mwalimu, lakini niko njiani narudi." Ndivyo alivyokuwa, mtu wa macho yaliyo wazi na ndoto inayoendelea, ukizungumza naye ulikuwa unahisi umeingia chumba ambacho pazia linapepea na hujui upepo unatoka wapi, na bado hesabu akizipata zote.

Mwaka 1993 aliitwa chuo cha wauguzi, chuo kikataka kitambulisho, akavaa buibui jipya akaenda dirishani, karani akamtazama usoni kabla ya kutazama karatasi zake, akamwambia, "Wewe Mwarabu," akajibu, "Mimi mtu wa Mtongwe," karani akasema, "Mtongwe ya Yemeni? Niletee cheti cha kuzaliwa cha babu yako," akajibu, "Babu yangu alizaliwa kabla ya dirisha hili," karani akasema, "Basi nawe ngoja." Alipelekwa mbele ya wazee akaulizwa ukoo wake, akataja ukoo wa mama, kwa sababu kwa Wadigo wa zamani mtoto alihesabiwa kwa mamake na mjombake, mzee mmoja akatikisa kichwa akamwambia ukoo wa mama ni maneno, pua haidanganyi, na chuo kilifunguliwa, kikafungwa, kikafunguliwa tena, yeye akiwa bado anangoja.

Mwaka 1995 nilikwenda mimi, dirisha lile lile, tumbo moja la mama, babu yule yule wa kahawa, na karani aliniona akaanza kuandika kabla sijamaliza kulitaja jina la baba, hakuuliza cheti cha mtu yeyote, nikarudi nyumbani na kitambulisho nikijiona waziri, Nadira akakichukua, akakiweka shavuni, akafumba macho, akasema, "Ni baridi. Changu cha ndotoni kila siku ni vuguvugu, kama mkate."

Kwa kitambulisho hicho nilipata cha ubaharia, nikaona bandari ambazo yeye ndiye aliyezitamani, na huko Ulaya siku moja tulishuka gatini mabaharia tisa, polisi akawapita wanane akanisimamisha mimi, kwa weusi huu huu ulionifungulia dirisha nyumbani, nikampigia simu dada kumsimulia, alicheka mpaka simu ikawa inakwaruza, akasema, "Amekuuliza cheti cha babu? Kama hajauliza huyo bado ni mwanafunzi."

Alifunga ndoa na Rashid, fundi wa malori wa Changamwe, Ijumaa tarehe 10 Desemba 1999, mbele ya sheikh na mashahidi na pilau ya kutosha, bila cheti, kwa kuwa cheti nacho kilitaka kitambulisho, wakahamia hapa Magongo, na hakuna ofisi iliyomwajiri, basi akafungua meza ya mahamri na mbaazi kwa watu wa matangi ya mafuta na wapakiaji wa malori, meza ambayo nusu yenu humu ndani mlinenepea pale, nami simtaji mtu. Asubuhi ndege zikishuka uwanjani zilikuwa zinapita chini sana juu ya meza ile, chai ikitetemeka katika vikombe, naye anainua uso na kijiko mkononi anawaambia wateja, hii ya Maskati, inaleta manukato, hii imetoka Bombay, hii imebeba maharusi watupu, na Dancun, anayepakia mizigo huko huko uwanjani, alikuwa akinywa chai yake kimya kimya.

Hapa Dancun alidakia kutoka nyuma, "Ilikuwa ya Nairobi! Kila siku ilikuwa ile ya Nairobi!" na kina mama nyuma ya pazia wakamjibu, "Si ungemwambia!" naye akasema, "Ningemwambiaje, mama zangu? Hata mimi nilikuwa nishaanza kunusa manukato."

Walijaliwa mtoto mmoja, Hanan, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2004, na Rashid alituacha mwaka 2015 kwa ajali ya lori, Mungu amrehemu, Nadira akamlea mtoto kwa unga na tui la nazi, akamsomesha, akimwambia kila asubuhi akimsuka nywele kwamba muuguzi huvaa viatu visivyo na sauti.

Siku za kura nataka mzikumbuke vizuri, maana hakupiga kura hata moja katika maisha yake, lakini alidamka akavaa kama mwenda harusini, akapanga foleni pamoja nanyi, akawashikia nafasi waliokwenda kunyonyesha, akawapa chai wazee, na akifika karibu na mlango anatoka kwenye mstari polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na jioni mkionyeshana vidole vyenye wino naye alikuwa anaonyesha chake, mpaka Hanan alipogundua kwamba mama yake hukipaka piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, nyumbani kabla hajatoka, akamuuliza kwa nini, akasema, "Sitaki kuwa peke yangu mwenye kidole kisafi mtaani."

Alirudi kwa wazee wa msasa mara nyingi, alipigwa msasa mpaka ikabaki kidogo ang'ae, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2019, mwenyekiti akauliza kama kuna mtu katika chumba kile anayemjua mama huyu, na wewe, Bwana Munga, ulikuwepo, ulikuwa mgeni katika kazi, umetoka kunywa chai mezani kwake asubuhi ile ile, ukatazama nje ya dirisha, nalo lilikuwa dirisha linalotazama ukuta, nimelikagua jana, nje hakuna kitu. Naona mnakohoa. Mimi simlaumu mgeni wetu, najua ugali wa serikali ulivyo mwepesi kupokonywa, nimetaja tu kwa kuwa historia inataka mahali na mwaka.

Mwaka 2021 mwanzoni aliona uvimbe katika titi la kushoto, akaambiwa aanze matibabu mapema, bima ya afya ikataka kitambulisho, nikawa natuma nilichoweza, hakikutosha, na mke wa Dancun, Mama Akinyi, alimpa kadi yake ya bima aende nayo kwa jina lake, Nadira akamshukuru akamrudishia, akisema, "Nikifa kwa jina lako, mwenzangu, malaika watanitafuta kwenu Homa Bay," wakacheka wote wawili, halafu, Mama Akinyi ameniambia, wakalia. Ugonjwa ulipata nafasi wakati sisi tunatafuta njia, na madaktari waliompokea mwishoni walisema kwa upole kwamba angefika mapema pengine wangekuwa na la kufanya.

Miezi ya mwisho alilala kwenye mkeka chini ya dirisha, akisinzia na kuamka, ndege zikipita, na alimsimulia Hanan ndoto moja iliyomrudia, ofisi isiyo na kuta, maji ya bahari yamefika vifundoni, makarani wako pekupeku, wanaita watu taratibu bila kelele, kila mmoja kwa jina la mamake, na anayeitwa anapita tu, akiburuta miguu majini kama mtoto. Alifariki alfajiri ya Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023, akazikwa baada ya alasiri, kibali cha maziko kilitoka kabla ya adhuhuri, ndiyo karatasi iliyomjia upesi kuliko zote, na wameniambia waliokuwepo kwamba sheikh alipokaa kaburini kumsomea talkini alimwita kama tunavyoita maiti wetu, ewe Nadira mwana wa Dhahabu, kwa jina la mama, na akamkumbusha maswali atakayoulizwa na wale malaika wawili, Mola wako nani, dini yako ipi, mtume wako nani, basi, la babu halimo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumtazama pua, wateja wa meza yake, mabaharia wenzangu walioniambia nenda sisi tutapika wenyewe ingawa nina hofu na matokeo, na majirani wa mtaa huu, mliompikia, mliomwosha, mliombeba. Nawe, Bwana Munga, asante kwa kufika, sikuombi ila neno moja siku ya Alhamisi, ukiulizwa. Lala, dada yangu, lala kwa nafasi, hakuna tena wa kukuamsha akuulize kwenu wapi.

Nilipokunja karatasi Bwana Munga alisimama, akavua kofia, akairudisha kichwani, akaanza, "Kwa niaba ya ofisi, ningependa wananchi waelewe kwamba suala la vitambulisho lina taratibu zake, na serikali haijalala, na kwa wakati ufaao..."

Hanan akamkatiza kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Shikamoo, Bwana Munga. Mama yangu ulimjua, hukumjua?"

Munga akavua kofia tena.

"Nilimjua," Munga akasema. "Alhamisi nitasema hivyo hivyo. Wakinifuta, na wanifute."